Kabla ya Bastola, Udongo

Shemeji yangu anaishi mashambani huko Kentucky, Marekani, kwenye ekari tisa alizonunua baada ya miaka kumi na minne ya kuendesha malori. Mwezi uliopita alinitumia picha tatu kwa WhatsApp, zote za bastola ndogo za .22, na chini yake sauti ya nusu dakika: "Shem, wewe uliishi huku, ukazichezea hizi. Nataka ya kulengea makopo hapa nyumbani Jumapili jioni. Ipi haikwami?"

Nilicheka kwanza. Huku kwetu mtu akisema ana bastola nyumbani, utajiuliza kimoyomoyo kama ni askari, mfanyabiashara wa madini, au ni wale wengine. Kule Kentucky mtu huinunua dukani, akajaza fomu, akasubiri jina lake lipekuliwe, akatoka nayo kwenye boksi na njiani akapitia maziwa ya watoto. Sisifu wala sishutumu, ndivyo palivyo. Nikaona swali lake linastahili jibu la heshima, maana watu wetu kule ni wengi sasa, Wakongo, Wakenya, Watanzania, Warundi, na wanapotaka ushauri wa jambo kama hili humuuliza binamu asiyejua kitu au muuzaji mwenye mzigo uliokaa rafuni.

Jibu lilinichukua wiki nzima. Kadiri nilivyolifikiria ndivyo nilivyoona shemeji ameanzia mkiani.

Tuanze na risasi yenyewe, maana siri yote ya kukwama na kutokwama imelala humo. Risasi nyingi za bastola zina fataki katikati ya kitako. Nyundo ikigonga pale, baruti inawaka. Ya .22 haina kitu hapo katikati. Kilipuzi chake kimejificha ndani ya ukingo mwembamba unaozunguka kitako. Kiwandani hukitia ndani ya ganda kikiwa bado kibichi, kisha ganda likazungushwa kwa kasi hadi kilipuzi kikimbilie ukingoni na kukaukia huko. Nyundo inapofyatuka huubana ukingo huo, na ndipo moto unapozaliwa. Ni ufundi wa zamani sana. Mfaransa Flobert alitengeneza risasi ndogo za namna hii mwaka 1845, kampuni ya Smith & Wesson ikatoa .22 fupi mwaka 1857 pamoja na bastola yake ya kwanza, na hii ndefu tunayoijua leo, Long Rifle, ilitoka katika kampuni ya Stevens ya Massachusetts mwaka 1887.

Sasa fikiria kilipuzi kimesambaa vibaya, sehemu moja ya ukingo imebaki tupu, na nyundo ikaangukia hapohapo. Utasikia mlio mkavu wa chuma na kimya. Itoe risasi ile, izungushe kidogo, irudishe: mara nyingi italia, kwa sababu safari hii nyundo imekuta mahali penye kitu. Ndiyo maana mtu akilalamika kwamba bastola yake imegoma, mimi huuliza kwanza alikuwa anailisha nini.

Nilijifunza hilo kwa hasara. Mwaka wangu wa kwanza wa kulenga shabaha nilinunua kopo kubwa la risasi za jumla, rahisi kuliko zote dukani, sitaitaja chapa yake. Katika kila kumi, moja au mbili hazikulia. Nikailaumu bastola. Nikaipeleka kwa fundi, akaifungua, akaifunga, akachukua dola zake. Tatizo palepale. Mzee mwenye nyumba niliyopanga, aliyenifundisha kushika silaha, aliniangalia nikihangaika Jumamosi tatu nzima bila kusema neno. Ya nne akanipa boksi la risasi hamsini la kampuni nyingine. Zote hamsini zililia. Rahisi ghali, wahenga hawakukosea, ingawa sidhani kama walikuwa wanafikiria risasi.

Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya jibu langu kwa shemeji ilikuwa hii: bajeti ya bastola igawe, na sehemu iende kwenye majaribio. Nunua aina tano au sita za risasi, boksi moja moja la hamsini. Piga zote, na uandike kwenye daftari ngapi ziligoma, ngapi zilikwama, ngapi zilitua karibu karibu. Bastola hizi zina ladha zake kama watoto mezani. Mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja zaweza kupenda risasi tofauti. Wengi huanza na Mini-Mag ya CCI, kampuni ya Lewiston, Idaho, inayoitoa tangu mwaka 1963, na mimi sina ugomvi na uchaguzi huo. Ukishajua inayoipenda ya kwako, ndipo ununue pakiti ya mia tano, ile ambayo Wamarekani wenyewe huiita tofali. Wala usikae mpaka iishe ndipo ununue nyingine. Kuanzia mwaka 2013 risasi hizi zilipotea madukani kwa muda mrefu, watu wakawa wanapanga foleni alfajiri kama sisi tulivyopanga foleni ya sukari.

Risasi ikigoma, usiitoe papo hapo. Bastola ibaki imeelekea kwenye shabaha, hesabu polepole hadi thelathini, kwa kuwa ipo inayochelewa kuwaka. Na ukisikia mlio dhaifu, kama mtu aliyekohoa chini ya shuka, acha kabisa. Toa risasi zote, angalia kama kuna kichwa cha risasi kilichonasa ndani ya mtutu. Ukifyatua ya pili nyuma yake, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka ukiwa mkononi mwako.

Bastola yenyewe, haya. Risasi ya .22 ina nguvu ndogo, na bastola ya kujikoki yenyewe hutegemea nguvu hiyo hiyo kusukuma chuma nyuma, kulitupa ganda, na kuleta risasi nyingine. Haina akiba. Masizi kidogo, mafuta mengi yaliyoganda, mkono uliolegea, na chuma kinarudi nusu njia. Tena risasi hizi ni chafu. Kichwa chake mara nyingi ni metali tupu ya risasi iliyopakwa nta, haina koti la shaba kama ndugu zake wakubwa, na kila mlio huacha nta, baruti na vumbi la metali ndani. Baada ya risasi mia mbili au tatu utadhani umeingiza kidole kwenye bomba la moshi la pikipiki.

Kutokana na hayo nina kipimo kimoja ambacho nakiweka juu ya vingine vyote: je, mwenyewe unaweza kuifungua, kuisafisha na kuifunga bila kumwita mtu? Bastola nzuri usiyoweza kuifungua itakaa chafu, na chafu itakwama.

Kipimo hiki ndicho kilichoniharibia mapenzi yangu ya zamani. Bastola maarufu kuliko zote za aina hii ni ya Ruger. Bill Ruger na mwenzake Alexander Sturm walianza mwaka 1949 huko Southport, Connecticut, kwa mtaji wa dola 50,000, na bidhaa yao ya kwanza ilikuwa bastola ya .22 ya dola 37.50. Ruger alichukua wazo kutoka Nambu ya Kijapani, silaha ambayo askari mmoja wa Marekani alirudi nayo kutoka vita vya Pasifiki. Mtutu wake umekazwa moja kwa moja kwenye mwili wa bastola, kinachorudi nyuma ni komeo dogo la duara ndani yake, kwa hiyo mtutu na alama za kulengea havitikisiki. Ndiyo siri ya kupiga kwake sawasawa. Lakini kwa zaidi ya miaka sitini, matoleo yake yote yaliyofuatana yalikuwa na aibu moja: kuifungua ni kazi, kuifunga ni adhabu. Nimewahi kukaa jikoni na ya toleo la tatu kuanzia magharibi mpaka saa nne usiku, nikiigonga kwa nyundo ya mpira, mke wangu akiuliza kama chakula kipashwe tena.

Mwaka 2016 likatoka toleo la nne, Mark IV. Unabonyeza kitufe kimoja nyuma, inafunguka kama mkasi, komeo linateleza nje, unasafisha, unafunga. Dakika moja. Hiyo ndiyo niliyomwambia shemeji, ile ya chuma kitupu yenye mtutu wa inchi tano na nusu. Uzito wake unausaidia mkono kutulia, na nayo haijali sana upigaji wa mtu anayeanza. Hata hivyo akinunua iliyotumika, aangalie namba yake. Mwezi Juni 2017 kampuni ilizirudisha zote zilizotengenezwa kabla ya tarehe 1 mwezi huo. Kitufe cha usalama kikikaa katikati, si huku wala kule, na kifyatulio kikavutwa, risasi ingeweza kutoka baadaye kitufe kinaposogezwa. Kampuni ilitengeneza bure. Iliyotumika inaweza kuwa haikuwahi kupelekwa.

Buck Mark ya Browning, iliyoko sokoni tangu mwaka 1985, ina kifyatulio kitamu kuliko ya Ruger. Nasema hivyo bila kusita. Ila kuifungua kunataka bisibisi ya pembe sita, na skrubu za juu zina tabia ya kulegea. Anayependa kushika vifaa ataipenda. Shemeji hapendi. Model 41 ya Smith & Wesson, ya tangu mwaka 1957, ni kazi ya mikono ya watu waliojua wanachofanya, na bei yake inakukumbusha hilo. Kwa makopo ya Jumapili ni kama kuvaa suti kwenda kuchota maji.

Kwenye picha zake tatu, mbili zilikuwa zile bastola nyepesi zinazoigiza silaha za polisi na za kijeshi, mtutu mfupi, mwili wa plastiki, na sehemu ya juu iliyomiminwa kwa aloi ya zinki. Zinapendeza machoni. Nyingine hufanya kazi vizuri. Lakini zinki si chuma cha pua, na mtutu mfupi humfanya mwanafunzi akose kopo kisha ajidhanie hana mkono. Nilimwambia aziache hukohuko kwenye kioo cha duka.

Kama angeniuliza ipi haikwami kabisa, bila nyongeza, jibu lingekuwa rivolva. Ruger Single-Six ya mwaka 1953 na nasaba yake, ile ya kukoki kwa dole gumba kila mara kama za sinema za wachunga ng'ombe. Haijali kama risasi ina nguvu au ni dhaifu, maana kinachozungusha silinda ni kidole chako. Haina magazini, na magazini ndiyo chanzo cha nusu ya maudhi ya .22, kwa kuwa zile kingo za vitako hupandiana na kung'ang'aniana. Risasi ikigoma unahesabu zile thelathini, kisha unakoki tena, zamu ya inayofuata. Inapiga polepole, na kwangu mimi hiyo ni sifa. Mtu anayejifunza hana sababu ya haraka. Kwa watoto wake wakubwa, wakifika umri na yeye akiwa pembeni yao, ningechagua hii kabla ya Mark IV.

Dokezo dogo kabla sijasahau: usifyatue bastola ya .22 ikiwa tupu kwa mazoea ya kujaribu kifyatulio, mpaka umesoma kitabu chake. Katika nyingi, pini isipokuta ukingo wa risasi hugonga ukingo wa chemba na kuutia kovu, na kovu hilo ndilo litakalokukwamisha mwakani.

Hapo nikadhani nimemaliza, nikabonyeza kutuma. Akajibu baada ya dakika mbili: "Asante shem. Nitaweka makopo kwenye uzio wa nyuma." Nyuma ya uzio, kama picha zake za zamani zilivyoonyesha, kuna miti michache, kisha kidimbwi cha jirani, kisha barabara.

Nikampigia simu.

Watu huiita .22 kibastola cha mchezo, na nadhani jina hilo limeumiza watu kuliko kasoro yoyote ya kiwandani. Maboksi ya risasi hizi yamebeba kwa miaka mingi onyo la hatari hadi maili moja na nusu, yaani karibu kilomita mbili na nusu. Kichwa chake kina uzito wa gramu mbili na nusu hivi, ni kidogo kama punje ya mbaazi, na kwa kuwa ni laini na ncha yake ni ya mviringo, kinadunda vizuri mno juu ya maji, jiwe na ardhi ngumu. Kidimbwi cha jirani hakiizuii risasi, kinaigeuza njia tu. Kopo juu ya uzio nalo halizuii chochote.

Kinachozuia ni udongo. Tuta la udongo usio na mawe, refu kumpita mtu, nene, limesimama nyuma ya shabaha karibu kabisa, na wewe unapiga ukielekea chini kidogo. Kama kuna mteremko wa asili, chimba uingie ndani yake. Tairi kuukuu, ambazo kila mtu wetu huzikimbilia kwa kuwa ni za bure, zina tabia ya kuirudisha risasi ilikotoka. Sahani ya chuma ni tamu kwa mlio wake, lakini iinamishwe mbele ili vipande vishuke chini, na kila aliyepo avae miwani. Masikio pia. Mlio wa .22 unaonekana mdogo mpaka jioni masikio yanapoanza kuimba.

Shemeji akaniuliza kama basi hawezi kupigia ndani, chini ya nyumba, maana wengine wananunua kisanduku cha chuma cha kunasa risasi. Kwa hili sina mjadala. Kila mlio wa .22 hutoa hewani vumbi la madini ya risasi, kutoka kwenye kichwa na hata kwenye kilipuzi, ambacho kwa kawaida kina madini hayohayo. Kwenye ukumbi maalumu kuna mitambo ya kuivuta hewa hiyo. Chini ya nyumba yako kuna nguo za kuanika, mahindi, na watoto wanaocheza. Madaktari hawajui kiwango cha madini hayo ambacho ni salama kwenye damu ya mtoto. Hata ukipigia nje, nawa mikono kwa sabuni na maji baridi kabla ya kugusa chakula, na lile shati lisikae na nguo za wadogo.

Anayetaka kulenga ndani ya nyumba anunue bastola ya hewa, ya milimita 4.5. Wala asione ameshushwa hadhi. Ndiyo silaha ya mita 10 kwenye Olimpiki, ile ambayo Mturuki Yusuf Dikeç aliishika Paris mwaka 2024, mkono mmoja mfukoni, akaondoka na medali ya fedha na sifa za dunia nzima.

Kuna lingine lililoninyima usingizi kuliko kidimbwi. Ushauri wa Kimarekani kuhusu kuhifadhi silaha umeandikwa kwa nyumba ya baba, mama na watoto wawili. Nyumba ya shemeji sivyo ilivyo. Ina mpwa aliyekuja kutafuta kazi, ina kikundi cha maombi kila Ijumaa, ina watoto wa marafiki waliolala kwenye magodoro sebuleni, na mlango wa chumba chake haujawahi kufungwa kwa sababu kufunga mlango kwetu ni kama kumfukuza mgeni. Katika nyumba kama hiyo, juu ya kabati la nguo si mahali pa kuweka silaha. Inatakiwa sanduku la chuma lililofungiwa ukutani, risasi mahali pengine pamefungwa pia, na namba anayo mtu mmoja. Zaidi ya nusu ya vifo vya silaha Marekani ni vya watu waliojiua wenyewe, na tangu mwaka 2020 silaha zimekuwa chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana wa nchi ile. Mpwa aliyekosa kazi miezi minane, mbali na mama yake, baridi ya Januari, huyo ndiye ninayemfikiria nikisikia neno sanduku.

Sheria nayo ina mtego uliotegwa kana kwamba unatujua. Shemeji ana kadi ya kijani, anaruhusiwa. Mgeni mwenye viza ya mwanafunzi kwa kawaida haruhusiwi kununua wala kumiliki, isipokuwa kwa misamaha michache. Sasa sisi tuna ile "nichukulie na mimi, nitakupa hela." Kwenye fomu ya duka kuna swali kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Ukijibu ndiyo huku umetumwa kwa fedha za mwingine, umetenda jinai ya serikali kuu, na kwa mgeni jinai hiyo inaweza kugusa haki yake ya kuendelea kuishi nchini humo. Undugu hautakuwa utetezi.

Wako watakaosema, kwa nini basi usimwambie aache tu? Waingereza waliacha. Baada ya mauaji ya shule ya Dunblane mwezi Machi 1996, sheria ya kwanza ya mwaka 1997 iliziacha bastola za .22 zibaki kwenye klabu, na ya pili, mwaka huohuo, ikazifuta nazo. Naielewa hoja hiyo, na kama ningekuwa mbunge wa Dodoma au Nairobi nisingefungua milango yetu hata kidogo. Leseni zetu na ziendelee kuwa ngumu. Lakini shemeji anaishi Kentucky, amekwisha kuamua, na mtu aliyekwisha kuamua anahitaji ushauri kuliko hotuba. Tena najua anachokitafuta. Tulikitafuta sote kwa manati chini ya mwembe: ile sekunde ambayo pumzi imesimama, jicho limetulia, na dunia yote imekuwa kitu kimoja kidogo kule mbele. Károly Takács wa Hungaria alipopoteza mkono wa kulia kwa bomu la mkono mwaka 1938, alijifunza upya kwa mkono wa kushoto, akashinda dhahabu ya bastola London mwaka 1948 na Helsinki mwaka 1952. Mtu hafanyi hivyo kwa ajili ya chuma.

Juzi shemeji alituma picha nyingine. Tingatinga la kukodi limeegeshwa nyuma ya nyumba, mbali na upande wa kidimbwi, na mbele yake kuna rundo la udongo mwekundu ambalo wanawe wawili wamelipanda hadi juu. Anasema bado malori mawili. Bastola hajanunua.